Torunn Ampeleka Mtoto Vardø

Torunn alikuwa ameendesha gari la kusukuma theluji miaka tisa, lakini alipojifungua, kila mtu alianza kumfundisha mambo ya barabara. Alitaka kumpeleka mwanawe wa miezi minne kwa babu yake mzaa mama huko Vardø, mwendo wa siku mbili. Mzee alikuwa hajamwona mjukuu, na miguu yake haikumruhusu tena kusafiri.

Asubuhi ya Jumamosi, Torunn alipokuwa akipakia nepi, mama mkwe wake, Gudveig, alikuja akautoa mkoba wa mtoto garini.

"Atalia njia nzima, mwanangu. Ngojeni kiangazi."

"Akilia, mama, tutasimama."

Gudveig akamgeukia mwanawe. "Na wewe Jostein, umenyamaza tu?"

"Mimi nimeambiwa nifunge kiti cha mtoto," Jostein alijibu, "nami nafunga."

Torunn aliuchukua mkoba mikononi mwa mama mkwe, akaurudisha garini, wakaondoka.

Walisimama mara kumi na saba. Siku ya tatu jioni, mzee alimpakata mjukuu wake, naye mtoto akapiga kelele hadi akawa mwekundu. Jostein alinyoosha mikono ampokee, lakini mzee alikataa kumtoa.