Bahati wa Machela

Jina la Bahati lilimchosha mwenyewe kabla kazi haijamchosha. Kazi yake ilikuwa kusukuma machela kutoka wodini kwetu mpaka chumba cha upasuaji, na mimi, nesi wa wodi ile, nilimwona akiifanya hadi mvi zikamjaa kichwani. Wasukumaji walikuwepo wengine. Wagonjwa walimtaka yeye tu.

"Si ndiye anaitwa Bahati? Basi namsubiri huyo huyo."

Na kweli walimsubiri. Daktari ananuna kule ndani, mgonjwa ameng'ang'ania kitanda, hataki kuguswa na mtu mwingine. Nilikuwa nachemka! Wenzake walikaa kwenye benchi wakila karanga na kumtania, "Nenda, mzee wa nyota kali, sisi wenye mikosi tunapumzika." Akainuka, mkono kiunoni, akaenda.

Mgonjwa mmoja, mwalimu, alimweleza kuwa neno "bahati" lilitoka Uajemi, likapitia kwa Waarabu, ndipo likafika kwetu. Bahati alisikiliza kwa adabu. Baadaye akaniambia, "Sista, kwa safari yote hiyo, ndiyo maana limefika limechoka."

Chanzo cha kuitwa hivyo alikijua kwa mama yake. Alizaliwa bila kulia. Mkunga akamfunika shuka, akampa mama pole, akaondoka. Njiani akakumbuka kwamba ameacha mkoba, akarudi, na alipouinua akasikia kitu kinakoroma chini ya shuka.

"Ndiyo hiyo tu, mkunga msahaulifu," Bahati alisema. "Bahati yangu niliimaliza siku ile. Sina ya kugawa."

Lakini hilo hakumwambia mgonjwa hata mmoja. Mtu anakwenda kupasuliwa, utamnyang'anyaje tumaini? Waliopona walimshukuru yeye. Ndugu za wasiopona walimpita kama aliyewadhulumu, naye aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililomchosha kuliko machela.

Kisha mkewe, mshona nguo mwenye ulimi wa pilipili, akalazwa kwetu na uvimbe tumboni. Daktari hakuficha: upasuaji ni mgumu, anaweza asiamke. Bahati alikaa mikono imelegea.

"Nikimpeleka mimi, halafu asirudi," alininong'oneza, "nitaliitikiaje tena jina hili?"

Niliogopa pamoja naye.

Asubuhi alikuja hivyo hivyo, akashika machela, akatoa breki. Bibi wa kitanda cha jirani akasema, "Una raha mwenzetu, unapelekwa na Bahati mwenyewe."

"Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, bibi," mkewe akajibu. Kisha akageuza shingo. "Baba watoto, toka huko nyuma. Mwachie mwingine asukume."

Bahati akaganda. "Na wewe unaniogopa?"

"Nani kakuogopa? Ukisukuma unakuwa nyuma ya kichwa changu, sikuoni. Mimi sikuolewa na jina. Njoo hapa ubavuni."

Mmoja wa wasukumaji akapangusa maganda ya karanga mikononi, akashika machela. Bahati akasogea ubavuni, mkewe akamkamata kiganja. Ile korido aliijua kuliko sebule yake, lakini kuipita bila kusukuma kitu hakujua. Alijikwaa, na mkewe akamcheka hadi mlangoni. Mlango ulipofungwa akakaa chini sakafuni, akalia waziwazi.

Mkewe aliamka alasiri, midomo imekauka, akalalamika kwamba mto ni mgumu. Bahati alivuta stuli, akamshika tena mkono. Wodi nzima ikaanza: mnaona, ndilo hilo jina! Mimi nikaendelea kugawa dawa, maana nilishachoka kubishana nao.

Muda si mrefu zamu ya yule bibi kwenda kupasuliwa ikafika. Msukumaji mwingine akaleta machela, bibi akaisukuma kando kwa mkono. "Siendi na huyu. Bahati si yupo pale? Aje anipeleke."

Bahati hakugeuka.

"Nenda naye tu, bibi," akasema. "Leo mimi ni ndugu wa mgonjwa."