Siku Maji Yalipowaka Kwenye Jeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa. Nilitoka chumba cha nyuma, nikaingia cha mbele na koti lile lile.

"Wewe! Toka! Nenda kaoge, uje kesho!"

Huyo ni Mkuu wa Maabara, tukimwita Mama Mkuu. Nilinuna mpaka nyumbani Kibaoni. Kumbe ndiyo sheria ya kile kipimo cha PCR. Chumba cha mbele tunaandaa makohozi. Cha nyuma mashine inazidisha vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu mpaka vionekane. Ukirudi mbele na hewa ya nyuma, vinasaba hivyo vinaingia kwenye kila sampuli, na kila mgonjwa anaonekana ana TB. Miaka hiyo ya tisini kuotesha bakteria kulichukua wiki na wiki. Sisi tulijibu kesho yake. Shule sikumaliza, kazi nilijifundisha kwa kutazama na kuuliza mpaka wakanichoka. Ila aliyenivumilia ni Mama Mkuu, na kwa huyo mama ningepigana na yeyote.

Nikapigana kweli, siku ya Shabani. Alikuwa mkata miwa, homa haishuki, dawa za nimonia hazishiki, darubini haioni kitu. Kaka yake alishatafuta gari wamrudishe Mkula akafie kwao. Daktari wa wodi akaja mwenyewe kusubiri majibu.

Tukaweka jeli yenye sampuli zote chini ya taa ya zambarau. Sampuli yenye bakteria hutoa mstari unaowaka. Ya Shabani ikawaka.

"Si nilisema? TB hiyo! Naanza dawa sasa hivi."

"Daktari, tazama huku mwisho," Mama Mkuu akasema. "Haya ni maji matupu, tunayaweka makusudi, hayatakiwi kuwaka. Mbona yanawaka? Maji nayo yanaumwa?"

"Mama, mtu anakata roho unaniletea habari za maji? Mmechafua wenyewe!"

Nikalipuka. "Nani kachafua? Huyu mama hakosei! Wewe kaa na wodi yako!"

"Nyamaza," Mama Mkuu akaniambia. Akaenda kusimama mlango wa chumba cha mbele. Mezani feni inazunguka. Feni ya chumba cha nyuma.

"Nimeileta mimi jana," akasema. "Joto lile, niliwaona jasho linawadondoka, nikawahurumia. Majibu yote yanatupwa. Tunaanza upya."

Akatoka. Nje, kaka mtu akasimama. "Shikamoo mama. Tumchukue?"

"Marahaba, baba. Nipe mpaka kesho."

"Akifia hapa je?"

"Utanilaumu mimi. Si daktari, si hawa vijana. Mimi."

Tukaosha kila kitu kwa jiki, tukafungua dawa mpya za kipimo, tukachukua makohozi mapya. Kesho yake tukawasha ile taa. Maji giza. Shabani naye giza.

Daktari alitazama jeli. Akaondoka mbio. Alimgonga Shabani mbavu upya, akachoma sindano pale paliposikika pazito, ukatoka usaha. Kifua kilijaa usaha, siku zote zile! Wakaweka mpira wa kuutoa, wakabadilisha dawa. Shabani akarudi Mkula kwa miguu yake.

Sasa nimestaafu, na hasira bado ninazo, waulizeni wanangu. Nyie mnaoanza kazi mna mashine zinazofanya yote ndani ya kikasha kimoja, hamtahamisha feni ya mtu. Lakini mkubwa wenu atakosea tu, na nyie mtataka kumtetea kama mimi. Nilipiga kelele ile kwa ajili ya Mama Mkuu. Yeye alikubali kosa lake, akawa anamtetea Shabani.