Safu Iliyopiga Magoti

Juzi pale Kasulu niliwaona wakimbizi wakishushwa kwenye lori, wamekimbia ugomvi wa wakubwa wao. Mama mmoja akapiga magoti vumbini kushukuru. Nikakumbuka, kwa hasira, mchana mmoja wa utotoni kule Kitahana.

Darasa la dini lilinuka nyasi mbichi za paa na jasho letu. Katekista alibandika ukutani picha ya vita vya kale vya Ulaya: majeshi ya wafalme wawili, makoti mekundu huku, ya buluu kule. Safu ya mbele ilikuwa imepiga magoti, nami nikadhani wanasali.

"Wanalenga bunduki," alisema katekista. "Kusali walisali asubuhi, pande zote mbili."

"Mwalimu, Mungu alimsikia mfalme yupi?" niliuliza.

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Wewe binti, ubatizo wako utangoja mwaka mwingine."

Nyumbani mama alilikunja gauni jeupe alilonishonea. "Usilie, mwanangu. Hukumtukana mtu."

Nilingoja, nikabatizwa, namshukuru Mungu. Lakini hasira haijaniisha, maana sasa najua wafalme wale wote wawili walibatizwa wakiwa wachanga, na hakuna aliyewaambia wangoje.