Nyota za Eufrasia na Mkasi Wangu

Kuna mama aliwahi kuja kibandani kwangu kudai uso wa mtoto wake. Nilikuwa nimeukata kwa mkasi mimi mwenyewe, tena huku napiga mluzi.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka chini, ndipo mtukane.

Ilikuwa Januari 1997, Ramadhani iko katikati. Mimi Gervasi nilikuwa na kibanda cha mitumba pale Katonga, kando ya ziwa. Wakimbizi kutoka Zaire walikuwa wanateremka na maboti kila kukicha, na nisiwafiche, shida zao ndizo zilizokuwa zinaniweka mjini.

Ndiyo akaja Eufrasia, mtoto wa kiume mgongoni anachemka homa. Akafungua gunia.

Mapambo ya Krismasi! Riboni, maua ya plastiki, na nyota nne kubwa za boksi zilizofunikwa karatasi za kung'aa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mama, unakimbia risasi umebeba Krismasi?"

"Kaka, tulikuwa mbiombio. Gunia la nguo lilikuwa pembeni ya hili. Nisaidie unga na dawa ya mtoto."

Mapambo ya Krismasi mwezi wa kwanza nani anunue? Lakini akili yangu ilikuwa imeshafika Ujiji. Idd ilikuwa inakaribia, na nyota ukiikata vizuri unapata mwezi.

Nikampa kopo la sado la unga na vidonge vya homa.

Akang'ang'ania nyota moja.

"Hii niachie, kaka. Kwetu kila mtu ana nyota yake, mume wangu anabandika picha yake ndani, chini ya karatasi. Hii ni ya Esther, binti yangu."

"Esther mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko na baba yake. Tulipotezana ufukweni, wakapanda boti nyingine."

"Basi atapigwa picha nyingine. Seti ni seti, mama."

Nikaichomoa mkononi mwake. Hakubisha. Mtu mwenye mtoto anayechemka atabishana na nani?

Kesho yake nikashika mkasi. Aisee, miezi ilitoka mizuri! Vipande vilivyobaki nikawashia mkaa, nikachemsha chai. Bi Mwasiti wa Ujiji akachukua miezi yote minne kupamba baraza lake.

Siku ya tatu baada ya Idd, Eufrasia huyo, mtoto mgongoni. Safari hii alikuwa na mumewe, Bonaventura, wameshakutana tena.

"Kaka, nirudishie ile nyota. Nitafua, nitateka maji, chochote unachotaka nitafanya."

"Kuna nini?"

"Mimi nilijua Esther yuko na baba yake. Baba yake alijua yuko na mimi. Hayuko na mtu. Ofisi ya kutafuta watoto wanataka picha waipeleke kwenye makambi yote."

Nikafunga kibanda.

"Twendeni Ujiji," nikasema.

Bi Mwasiti, Mungu ambariki, alishusha miezi mwenyewe. Tukalowesha karatasi, tukabandua polepole. Akatoka Bonaventura, nusu. Akatoka Eufrasia, nusu. Akatoka yule mtoto wa mgongoni, nusu. Hao walikuwa wamesimama mbele yetu, picha ya nini?

Mwezi wa nne ulikuwa na sikio moja na ukosi wa sare ya shule.

"Uso uko wapi?" Bonaventura akauliza. Ndiyo mara ya kwanza namsikia sauti.

"Niliwashia mkaa."

"Masikini wa Mungu," Bi Mwasiti akasema, akageukia ukutani.

Tukaenda ofisini hivyo hivyo. Dada wa pale aliigeuza ile picha huku na huku.

"Mama, hii hatuwezi kuibandika. Nani atamtambua mtoto kwa sikio?"

Eufrasia akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya meza.

"Huyu muulizeni! Huyu ndiye wa mwisho kumuona. Kaka, ulipokuwa unakata ulimuona. Waambie alivyo. Mimi nikianza kusema nalia tu, hawanielewi."

Yule dada akashika kalamu, akanitazama, akasubiri.

Jamani, sikuwa nimemuona. Karatasi ya kung'aa sikuifunua hata kidogo. Nilikuwa naangalia mstari wa mkasi.

Walipelekwa kambini wiki ile ile. Kama Esther alipatikana, sijui mpaka leo, na wa kumuuliza simjui.

Wewe unayenunua vitu vya wenye shida, nunua, sikukatazi. Ila akikuomba abaki na kimoja, mwachie. Usimuulize cha nini.