Boriti za Heshima

Muhidini Pazi alikuwa mtoto wa kwanza wa Mlingotini kuwa msanifu majengo. Mama yake, Bimdogo, hakumwacha mtu apite mlangoni pake bila kulijua hilo.

Alisoma Nairobi, akarudi Dar es Salaam na kuajiriwa serikalini. Wenzake walianza mchoro kwa ukuta na mlango. Yeye alishinda kiwanjani kutwa, akitazama maji ya mvua yanapita wapi, upepo wa kusi unaingilia wapi, na mti gani usiguswe. Miti ndiyo aliyoichora kwanza. Ofisini wakambandika jina la Bwana Shamba. Hakujali. Shule alizochora Lugoba na Miono zilikuwa na ubaridi mchana wa jua kali, na walimu waligombea kuhamia huko.

Mwaka 1974 akapewa kazi aliyoitamani kuliko zote: zahanati ya kwao. Wajawazito wa Mlingotini walibebwa kitandani mpaka Bagamoyo, na dada yake, Mwaija, alifia njiani hivyo hivyo. Katika mchoro Muhidini akaiweka zahanati karibu na maji, wagonjwa wanaoletwa kwa mitumbwi wasibebwe mbali. Mbele yake palikuwa na mikoko minene. Ndiyo iliyozuia mawimbi yasile ufuko, na kamba walikulia kwenye mizizi yake.

Siku ya kuchimba msingi alipokewa kwa vigelegele. Katikati ya kiwanja palikuwa na lundo la boriti mbichi, magome yakitoa maji mekundu. Kwao, mtoto wa kijiji akijenga hapo kijijini mara ya kwanza, kila nyumba humpa boriti moja. Muhidini akainua macho. Mikoko yote ya mbele ilikuwa imebaki visiki.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Bwanaheri, mwenyekiti wa kijiji.

"Marahaba. Mbona umeduwaa? Huko Nairobi hawapeani boriti?" Watu wakacheka. "Na bahari tumekufungulia, daktari aione akinywa chai."

Akisema kweli, atakiaibisha kijiji kizima. Akinyamaza, bahari itakula zahanati, na wajawazito watarudi kubebwa.

Bimdogo akamsogelea. "Uso huo naujua. Kuna nini?"

Akamnong'oneza. Mama hakunong'ona. "Bwanaheri! Tumekata ukuta wa zahanati!"

"Ukuta gani, Bimdogo? Hata msingi bado!"

Muhidini akachuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti: wimbi, mikoko, jengo. Kisha akaifuta mikoko kwa kiganja, akalivuta wimbi mpaka mlangoni.

Adija, mvuvi wa kamba, akafoka, "Na kamba wangu je? Mmewavunjia nyumba, nyie wanaume na heshima zenu!"

"Hata mumeo alikata," mtu akamjibu.

"Huyo atanitambua jioni!"

Kicheko kikawalegeza wote, isipokuwa Bwanaheri. "Sasa boriti zako tuzifanyeje, mwanangu? Tuzirudishe kwenye visiki?"

"Hapana, mzee. Mmenipa heshima, haitabaki hata boriti moja nje. Zahanati tunaipandisha kule kwenye mikorosho, maji hayafiki. Upana wa vyumba utafuata urefu wa boriti, kama nyumba za babu zetu. Mimi nachora upya hapa hapa. Ila kila nyumba iliyotoa boriti ikachomeke mbegu za mkoko matopeni."

Bwanaheri akamtazama sana, kisha akavua viatu. Alikuwa wa kwanza kuingia matopeni.

Mchoro mpya ulizua maneno ofisini, lakini Muhidini aliusimamia mpaka ukapita. Jengo likamalizika mwaka uliofuata. Madirisha yaliukabili upepo, mikorosho ikalitia kivuli, na boriti zilionekana wazi juu ya vitanda. Baadaye alichora majengo makubwa zaidi, Pangani na kwingineko, na vijana wa ofisini wakaanza nao kuchora miti kwanza. Lakini aliyemwuliza kazi yake bora alipelekwa Mlingotini.

Aliyejifungua mle kwanza ni Ashura, binti wa Bwanaheri. Muhidini alikuwapo barazani siku hiyo. Kitoto kilipolia, Bwanaheri alimshika mkono. Ndani, Ashura alikuwa kalala chali, akimwonyesha mkunga kwa kidole: ile pale, ya pili kutoka dirishani, ni ya kwetu.