Fimbo ya Shaba ya Maliba

Nusu ya umri wangu nimeitumia kutafuta chembe ndogo kuliko atomu, na nusu ya pili kuwaeleza watu kwamba haziuzwi sokoni. Hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, wananijua. Redioni nafafanua, shuleni naonyesha majaribio, makofi yanapigwa, halafu mmoja ananiuliza kama nina dawa ya mgongo.

Juzijuzi mwenyekiti wa kamati ya shule moja huko Maliba aliniita nije na mashine yangu ya kupimia mionzi. Nikafurahi kama mjinga, nikidhani ni ya somo. Kumbe kamati imejifungia ofisini na fimbo ya shaba ya kukinga radi, waliyoing'oa wenyewe kwenye paa la madarasa. Walisikia ina zebaki ya thamani ndani, wakaamini mashine yangu itaionyesha. Mfanyabiashara Mkongo alikuwa amekuja kutoka Bwera, mpakani, kuinunua.

"Pima, Profesa," akasema mwenyekiti. "Hii kitu iko na mali."

Nje mawingu yalishafunika milima, na watoto walikuwa darasani chini ya paa lisilo na kinga. Niliogopa, hasira nayo ikanipanda. Nikawaeleza kwa upole wangu wa redioni: ni shaba tu, kama ile ya mgodi wa Kilembe, kazi yake ni kuipeleka radi ardhini. Wakatazamana, wakacheka.

"Profesa anataka akule yeye moja," akasema mfanyabiashara.

Basi nikaiwasha mashine. Ikalia: ti, ti-ti, ti. Hulia hivyo popote, hata jikoni kwa mama yangu, maana mionzi hafifu hutoka ardhini na angani saa zote. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, lakini mwenyekiti alikwisha kuruka nyuma ya kabati.

"Inaua?"

Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuelimisha umma.

"Sasa tuiweke wapi?"

"Juu kabisa, mbali na watu. Na waya wake uzikwe chini sana."

Mfanyabiashara alitoka bila kuaga. Fundi akaitwa, akapanda paani kuirudisha fimbo mvua haijafika. Hakuna mhadhara wangu uliowahi kutiiwa hivyo, na nilirudi mjini nikicheka peke yangu.

Wiki iliyofuata mwenyekiti aliwahamisha wanawe wote, akawapeleka shule ya Muhokya ambayo paa lake halina kinga yoyote. Nimemfuata mara nyingi kumweleza ukweli. Ananipa chai, ananitazama kwa huruma.

"Profesa, mashine nilisikia na masikio yangu. Watoto iko yangu."

Na Muhokya mvua zimeshaanza.