Kilele cha Jani la Mama

Pale maabara walimwita Bi Kilele, na jina lilimkaa kuliko hata koti lake jeupe. Kazi yake ilikuwa kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Analoweka majani kwenye spiriti, anachuja, anachemsha mpaka kibaki kijiko cha majimaji mazito ya kijani, kisha anayadunga kwenye mashine. Mashine inayasukuma ndani ya bomba jembamba lililoshindiliwa unga, na kila kitu kinatoka kwa zamu yake na kuchora kilele kwenye skrini. Vingine hutoka mbio, vingine huganda humo kama mgeni asiyejua kuaga.

Jani alilokuwa akilichunguza liliota nyuma ya nyumba ya mama yake, na mama ana presha. Siku kilele kirefu kilipojitokeza mahali pasipo na kitu kinachojulikana, Bi Kilele alishindwa kujizuia, akampigia simu: "Mama, jani lako lina kitu!" Hakusema kitu gani, maana hakujua. Mama naye hakuuliza. Alivifungia kabatini vidonge vya hospitali, akaanza kunywa jani asubuhi na jioni. Binti alimwambia asiache vidonge, ni kweli, lakini alimwambia huku anacheka, kichwa kimemvimba. Kukataza gani huko? Huko ni kujisifu kwa adabu.

Sasa asubuhi moja alikwenda kuvuta spiriti kwenye pipa. Waliivuta kwa mpira wa plastiki ulioning'inia ukutani. Alipojaribu kuukunja, ukagoma. Ulikuwa umekakamaa kama fimbo.

"Huu mpira umekuwaje?" alimuuliza fundi wa maabara.

"Umezeeka, dada. Ulipokuja ulikuwa laini kama utumbo. Wewe vuta tu, spiriti itapita."

Fundi akaenda zake, hana hili wala lile. Bi Kilele alibaki ameushika mpira. Plastiki hulainika kwa sababu imetiwa kilainishi. Kama kilainishi hakimo tena kwenye mpira, kimekwenda wapi?

Kila mkemia hupima pia spiriti tupu, isiyo na jani, ahakikishe hadanganywi. Naye alipima kila mara, tena kwa mbwembwe. Ila ya kupima aliimimina kutoka kwenye chupa ndogo ya kioo, safi kabisa, na ya kulowekea majani aliivuta kutoka kwenye pipa. Kwa hiyo spiriti iliyopita kwenye mpira haikuwahi kupimwa peke yake. Usafi wake mwenyewe ndio uliomponza.

Akavuta spiriti ya pipa, kiasi kile kile cha siku zote, akaichemsha bila jani hata moja, akaidunga. Kisha hakukalika. Aliketi, akasimama. Aliosha bika ya kioo iliyokwisha kuoshwa. Alikwenda dirishani, hakuona kitu, akarudi.

"Kaa chini basi, unanitia kizunguzungu," profesa wake alisema. Makala kuhusu jani alikuwa ameshaipeleka kwenye jarida. "Unasubiri nini?"

"Nasubiri kisitokee kitu."

Kikatokea. Zamu ile ile, urefu karibu ule ule. Alimweleza profesa habari ya mpira. Profesa alivuta kiti akakaa, akaitazama skrini kama mtu anayetazama nyumba yake ikivunjwa.

"Makala nitaiondoa mwenyewe," alisema mwishowe. "Mama yako bado anakunywa?"

Bi Kilele alikwisha shika mkoba. Njia nzima alijitukana kimoyomoyo. Aibu ya makala angeibeba. Mama akianguka, hiyo asingeibeba.

Alimkuta mama jikoni, sufuria ya majani inatokota, akaizima kabla ya kusalimia. "Shikamoo, Mama. Vidonge viko wapi? Jani halina kitu. Nilichokiona kilitoka kwenye mpira wa maabara. Nilikosea, Mama."

Mama aliitazama ile sufuria. "Hata kidogo?"

"Sijaona kitu cha kukutibu."

Machozi yalimtoka. Alingoja abembelezwe, maana hata mtu mzima hubembelezwa na mama yake. Mama alimeza kidonge, akavaa ndala.

"Twende. Utalia baadaye."

"Twende wapi?"

"Kwa jirani. Wenye presha wote wa mtaa huu nimewagawia. Niliwaambia binti yangu kaligundua, wakaacha vidonge."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mshonaji, shoga yake mama wa miaka mingi. Alifungua akiwa na kikombe mkononi, amefunga kitambaa kichwani.

"Jamani, leo umeniletea daktari mwenyewe! Karibuni, karibuni. Mimi sijambo, mwanangu, ni kichwa tu kinanigonga tangu juzi. Lakini nanywa, wala siachi."

Mama alisogea pembeni, akamwachia binti yake mlango.